MPC kwenye kikaushio cha maziwa: valvu kwanza, modeli baadaye

Swali: "Mwalimu, hujambo. Nasimamia mitambo katika kiwanda cha maziwa ya unga hapa Eneo la Viwanda, Nairobi. Joto la hewa inayotoka kwenye kikaushio chetu linayumba kati ya 82 na 90 °C, na mvua zikianza hali huwa mbaya zaidi. PID, kile kidhibiti chetu cha kawaida, tumeirekebisha mara nne bila nafuu. Sasa kuna muuzaji anayetaka tuweke udhibiti wa kutabiri, anaouita MPC, na bei yake ni ya mamilioni. Kitu hiki hufanyaje kazi, kitatufaa, na tukikubali tuanzie wapi?"

Mhandisi, sijambo. Kikaushio ni mahali pazuri pa MPC, pengine pazuri kuliko mtambo mwingine wowote hapo kiwandani, lakini kuyumba unakokueleza kunaonekana kuwa ugonjwa wa ngazi ya chini yake. Usisaini chochote kabla hujajua kinachoyumbisha. MPC ikiwekwa juu ya valvu inayonata, utabaki na valvu ileile inayonata, ila sasa ina kompyuta.

Jaribio la kwanza halina gharama. Mtambo ukiwa umetulia kwenye uzalishaji wa kawaida, kitoe kidhibiti cha joto la kutoka kwenye otomatiki, kiweke kwa mkono, usiguse kasi ya pampu inayolisha kikaushio maziwa kwa dakika 20, utazame skrini. Opareta akae karibu na mipaka ya usalama iwe kazini kama kawaida. Kuyumba kukikoma, chanzo kimo ndani ya mzunguko huo: ama PID ni kali mno, ama pampu haitii amri sawasawa. Kuyumba kukiendelea vilevile, kunatoka nje. Rudia jaribio kwenye kidhibiti cha joto la hewa inayoingia, uendelee kurudi nyuma hivyo hadi boila. Safari hii mara nyingi huishia kwenye valvu ya mvuke unaopasha hewa hiyo.

Valvu hiyo ipime hivi. Ukiwa kwa mkono, ifungue kwa nusu asilimia, subiri nusu dakika, ongeza nusu nyingine, na kuendelea, huku ukitazama alama ya mkao wake au joto la hewa inayoingia. Valvu nzima hujibu kila hatua, au angalau kila hatua ya pili. Ikinyamaza hatua nne tano kisha ikaruka ghafla, inanata: pakingi imekazwa mno, posishona (kifaa kinachoisukuma valvu hadi mkao ulioamriwa) imechoka, au hewa ya kompresa ina maji. Hata bila jaribio utaitambua kwenye skrini. Mstari wa amri ya PID hupanda na kushuka kama meno ya msumeno, ilhali mkao wa valvu hukaa kimya kisha huruka kama mtu anayepanda ngazi. Hakuna namba ya PID inayotibu hilo, na huenda ndiyo sababu majaribio yenu manne hayakufaa kitu.

Sensa nayo isisahaulike. PT100, yaani sensa ya joto iliyo kwenye mfereji wa hewa inayotoka, huvikwa koti la unga, na koti hilo huchelewesha usomaji wake. Kidhibiti kinaona joto la dakika iliyopita na kutenda kana kwamba ni la sasa. Ichomoeni, isafisheni, mlinganishe mwitikio kabla na baada.

Kisha boila. Mvuke wa bar 16 za geji una joto la kama 204 °C. Shinikizo likishuka hadi bar 12, kwa mfano kwa sababu upande wa pili wameanza kuosha matangi, joto la mvuke linakuwa kama 192 °C. Ikiwa unapasha hewa hadi 180 °C, tofauti ya joto kwenye mwisho wa hita imetoka nyuzi 24 ikawa 12. Imepungua nusu! Valvu inafunguka hadi 100 % na joto bado linashuka, PID inaendelea kujilimbikizia deni la makosa, na shinikizo likirudi inapitiliza juu kwa kishindo. Wekeni kinga ya limbikizo kwenye PLC (kompyuta ya viwandani inayoendesha mtambo), yaani valvu ikigota ukomo, PID iache kujumlisha makosa.

Hayo yakishatengenezwa, rekebisheni PID ya hewa inayoingia kwa kipimo badala ya kubahatisha. Chukua mfano huu: ukifungua valvu kwa 1 %, joto linapanda nyuzi 2, kimya cha mwanzo, kabla joto halijaanza kusogea, ni sekunde 15, na muda wa kufika 63 % ya mabadiliko, ukihesabu baada ya kimya hicho, ni sekunde 90. Chagua kasi unayoitaka, tuseme sekunde 45. Kizidishi cha PID ni 90 ÷ (2 × (45 + 15)) = 0.75, na muda wa kujumlisha makosa ni sekunde 90. Acha sehemu ya D, ile inayofuata kasi ya mabadiliko. Ukifika hapa ukakuta joto la kutoka limetulia ndani ya nyuzi moja na nusu, umepata sehemu kubwa ya faida bila kumlipa mtu, na sasa ndipo mazungumzo na muuzaji yana maana.

Kinachofanywa na MPC

Mpishi wa jiko la makaa haongezi makaa baada ya sufuria kupoa. Anajua makaa mapya huchukua dakika kadhaa kushika, kwa hiyo anaongeza mapema, na anajua pia kwamba jiko likishajaa halipokei zaidi. PID hungoja sufuria ipoe ndipo ipulize moto. MPC ina picha ya jiko kichwani.

Picha hiyo ndiyo modeli: jedwali la namba linalosema nikigusa hiki, kile kitabadilika kiasi gani, baada ya muda gani. Hapa kila sekunde 20, tuseme, kompyuta inasoma vipimo, inachora mstari wa yatakayotokea dakika 25 zijazo ikiwa hakuna kitakachoguswa, kisha inatafuta mfululizo wa hatua za pampu na za joto la kuingia utakaoupeleka mstari huo panapotakiwa bila kuvunja mpaka wowote. Inatekeleza hatua ya kwanza tu. Zilizobaki inazitupa, na sekunde 20 baadaye inaanza hesabu upya kwa vipimo vipya.

Tuitazame mara moja kwa karibu. Modeli ilisema joto la kutoka sasa lingekuwa 84.9, PT100 inasoma 84.7. Lipo pengo la −0.2, na MPC inauteremsha mstari wote wa utabiri kwa kiasi hicho. Wakati huohuo geji ya boila imeanza kushuka na valvu ya mvuke imeshafika ukomo. Modeli inajua kwamba kwa shinikizo hilo hewa inayoingia itapoa nyuzi 4, na kila nyuzi moja ya kuingia ni nyuzi 0.45 za kutoka. Basi joto la kutoka litapungua kwa 1.8 na kufika 82.9, ilhali mpaka wa chini uliowekwa ni 84. Inakosekana nyuzi 1.1. Kupunguza pampu kwa 1 % hupandisha joto la kutoka kwa nyuzi 0.9, kwa hiyo zinatakiwa kama 1.2 %. Haizikati kwa mkupuo, maana imewekewa adhabu ya kusukuma mtambo kwa ghafla: inapanga 0.5, halafu 0.4, halafu 0.3. Inatuma 0.5. Joto la kutoka lenyewe bado halijaonyesha lolote kwenye skrini, na pampu imeshaanza kupungua.

Mbinu hii ilizaliwa viwandani, kwenye petroli na kemikali, miaka ya 1970. Jacques Richalet na wenzake wa Ufaransa walichapisha yao mwaka 1978. Wahandisi wa Shell, Cutler na Ramaker, wakaeleza ya kwao mwaka uliofuata. Walikuwa na mitambo ya polepole, yenye mikono mingi, yaani vitu vya kugusa, inayoingiliana, na faida iliyokaa kwenye mpaka wenyewe. Kikaushio chako kina sifa zote tatu.

Namba nne, na mtego wake

Usikubali kuanza na vigezo kumi. Anza na vya kugusa viwili, kasi ya pampu na joto la hewa inayoingia, na vya kutunza viwili, joto la hewa inayotoka na unyevu wa unga. Ongeza vya kutazama tu viwili: shinikizo la boila na unyevu wa hewa ya nje.

Tuchukue namba za mfano ambazo kikaushio cha aina yako kinaweza kuzitoa. Ukiongeza pampu kwa 1 %, joto la kutoka linashuka kwa nyuzi 0.9 na unyevu wa unga unapanda kwa asilimia 0.08. Ukiongeza joto la kuingia kwa nyuzi 1, joto la kutoka linapanda kwa 0.45 na unyevu unashuka kwa 0.03.

Sasa jiulize: nikitaka kuongeza unyevu kwa 0.2 huku joto la kutoka likibaki palepale, nifanye nini? Kila asilimia moja ya pampu itadai nyuzi mbili za joto la kuingia ili joto la kutoka lisitikisike. Kwenye unyevu, 0.08 inaliwa na 0.06, inabaki 0.02. Kwa hiyo unahitaji 10 % ya pampu na nyuzi 20 za hewa inayoingia. Kwa mtambo unaoendeshwa karibu na ukomo wake hilo halipo. Ila ukiliruhusu joto la kutoka lishuke, inatosha kuongeza pampu kwa 2.5 % peke yake, na joto litapungua nyuzi 2.25 tu.

Hapa ndipo penye siri yote ya kazi hii kwa kikaushio. Mikono yako miwili inasukuma karibu upande uleule. Ukiiambia MPC ishike 86.0 °C na unyevu 4.00 kwa pamoja, itavuta pampu na mvuke huku na huko kwa nguvu ikitafuta tofauti ndogo iliyobaki kati yao. Mpe joto la kutoka ukanda, tuseme 84 hadi 89, bila adhabu yoyote likiwa humo, na uweke lengo kwenye unyevu peke yake. PID haijui ukanda ni nini, inajua nukta. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kununua MPC hapo kwenu, kuliko hata utabiri wenyewe.

Namba hizohizo zinaonyesha kwa nini modeli mbovu ni hatari. Zidisha 0.9 kwa 0.03, upate 0.027. Zidisha 0.45 kwa 0.08, upate 0.036. Mambo yote yanasimama juu ya tofauti ya hizo mbili, 0.009. Aliyepima akikosea na kuandika 0.04 mahali pa 0.03, tofauti inakuwa sifuri. Akiandika 0.041, alama inageuka, na kompyuta itasukuma kinyume huku ikiamini inasaidia. Kosa la sehemu moja tu ya mia ya asilimia ya unyevu! Ukanda wa joto unapunguza hatari hii kwa sababu kompyuta haina haja tena ya kuutafuta upande dhaifu, ila upimaji bado lazima uwe wa makini. Namba hizi pia zinaeleza kwa nini viwanda vinavyojaribu PID mbili, pampu ikishika joto la kutoka na hewa inayoingia ikishika unyevu, hukuta kila moja ni tulivu peke yake na zote mbili pamoja zinatoroka.

Muuzaji akikwambia ana modeli tayari iliyofanya kazi kwenye kikaushio kama hiki nchi nyingine, mshukuru, kisha umkumbushe Nairobi iko wapi. Kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, shinikizo la hewa ni takriban 83 kPa badala ya 101. Feni inayovuta mita za ujazo zilezile inabeba uzito wa hewa pungufu kwa kama 18 %. Na siku ya mvua, hewa yenye kiwango cha umande (joto ambalo mvuke wake huanza kugeuka maji) cha 14 °C ina kama gramu 12 za maji kwa kila kilo ya hewa kavu hapa kwetu. Mombasa, kwa kiwango kilekile cha umande, zingekuwa kama 10. Kiwango hicho kikishuka hadi 8 °C wakati wa kiangazi, unarudi kwenye kama gramu 8. Ndiyo hiyo tofauti unayoiona mvua za Machi hadi Mei zikianza: hewa inaingia ikiwa tayari imebeba maji, inatoka imeshiba zaidi, na unga unabaki mbichi ingawa joto la kutoka ni lilelile. Sensa ya unyevu wa hewa kwenye mdomo wa feni ni ya bei ndogo ukilinganisha na mradi, na bila hiyo MPC itakuwa inashangazwa na kila wingu.

Kuupima mtambo

Modeli hupatikana kwa kuusukuma mtambo na kuandika unavyojibu. Data ya mwaka jana iliyohifadhiwa haitoshi, hata iwe gigabaiti ngapi. PID ilikuwa ikigusa pampu kila joto lilipoyumba, kwa hiyo ndani ya data hiyo sababu na matokeo vimefungana. Programu inaweza kukutolea namba ya PID ukidhani ni namba ya mtambo.

Kasi ya pampu ibadilishe kwa 3 % juu na chini, joto la kuingia kwa nyuzi 3 hadi 4. Kinachotakiwa ni mabadiliko ya joto la kutoka yazidi kelele ya kawaida ya sensa angalau mara tatu. Ikiwa mstari hutikisika 0.4 bila sababu, hatua inayoleta 0.5 ni kupoteza muda. Kwa jozi ya pampu na joto la kutoka, kimya kikiwa sekunde 40 na mwitikio (ule muda wa kufika 63 %) sekunde 150, mtambo unatulia baada ya 40 + 3 × 150, yaani kama dakika 8. Changanya vipindi: vingine dakika 4, vingine 8, vingine 12, kwa mpangilio usiotabirika, hatua 12 hadi 15 kwa kila mkono. Lakini unyevu wa unga ni wa polepole zaidi. Ukipimwa baada ya kitanda cha hewa cha mwisho, unga unapomalizia kukauka, kimya chaweza kuwa dakika 6 na mwitikio dakika 4, hivyo kutulia kunataka dakika 18. Kwa ajili hiyo baadhi ya hatua zishikwe dakika 20 kamili. Zote pamoja ni zamu mbili au tatu. Fanyeni mara moja kipindi cha ukavu na mara moja kipindi cha mvua, japo ya pili iwe fupi.

PID ya hewa inayoingia iache kwenye otomatiki, ubadilishe lengo lake. MPC itaongea nayo hivyohivyo. PID ya joto la kutoka iondoe kabisa. Mwombe msimamizi wa kivukizi, mtambo unaokoleza maziwa kabla ya kukaushwa, asibadilishe kitu, maana maziwa mazito yakitoka 48 % hadi 46 % katikati ya jaribio, yale maji ya ziada yataandikwa kama kosa la pampu. Siku ya kuosha mitambo si siku ya kupima.

Kuna mambo mawili ya data yanayoharibu majaribio mengi kuliko hesabu yoyote. La kwanza, kompyuta ya kumbukumbu huwa imewekwa kubana data: haiandiki chochote hadi kipimo kibadilike kwa kiasi fulani, kisha inaunganisha nukta kwa mstari ulionyooka. Izimeni mibano hiyo kwa vipimo vinavyohusika, muandike kila sekunde 5. La pili ni saa ya maabara. Sampuli iliyochotwa saa 4:10 ikapimwa na kuingizwa saa 4:35 itaandikwa 4:35, na modeli yako itajifunza kimya cha nusu saa ambacho hakipo. Andikeni muda wa kuchota.

Ikiwa hamna kipimo cha unyevu cha moja kwa moja kwenye mstari, mnaweza kuukadiria kwa hesabu kutokana na joto la kutoka, kasi ya pampu, unyevu wa hewa ya nje na uzito wa maziwa mazito, mkiusahihisha kila jibu la maabara likifika. Msisahihishe kwa tofauti yote. Chukueni kama 30 % yake, kwa sababu maabara nayo hukosea na hamtaki kosa lake liendeshe pampu.

Kuiweka na kuiendesha

Mipangilio ya kuanzia: mzunguko wa sekunde 20, upeo wa kutazama mbele hatua 75, yaani dakika 25, ili uzidi muda wa unyevu kutulia. Hatua za kupanga mbele sita kwa kila mkono. Hizo ni namba 12 za kutafuta kila mzunguko, hesabu ambayo kompyuta ndogo ya viwandani humaliza kabla hujapepesa jicho, kwa hiyo muuzaji asikuuzie seva. Linganisha uzito kwa vipimo vinavyoumiza sawa: nyuzi 1 nje ya ukanda iwe sawa na 0.1 ya unyevu. Adhabu ya kusukuma anza nayo kubwa, mtambo uonekane mvivu, kisha uipunguze kidogo kidogo kila siku. Ukiona pampu inatikisika bila joto kuwa limetoka kwenye ukanda, umepita mahali pake.

MPC ikae juu ya PLC, isiondoe kitu chini yake. Inatuma malengo, PLC inayakagua. Mipaka ya pampu na ya joto la kuingia, pamoja na kasi ya juu ya kuyabadilisha, iandikwe mara mbili, kwenye MPC na kwenye PLC. Wekeni kihesabu kinachoongezeka kila mzunguko. PLC ikiona hakijasogea kwa sekunde 60, inarudisha PID kwa malengo ya mwisho bila mruko. Stima ikipotea na jenereta ikashika, MPC isirudi yenyewe. Ingoje dakika 20 za utulivu na kidole cha opareta. Na ulinzi wa kuzima mtambo joto la kutoka likizidi, pamoja na vigunduzi vya moto, ubaki kwenye saketi zake. Unga wa maziwa huwaka na huweza kulipuka. Programu ya kutafuta faida haipewi ufunguo wa mlango huo.

Wiki mbili za kwanza iache itabiri bila kugusa chochote, na kila siku linganisha mstari wake na uliotokea. Pengo likiruka huku na huku kuzunguka sifuri, endelea. Likiwa limelalia upande mmoja kila shinikizo la boila linaposhuka, namba ya shinikizo si sahihi. Kumbuka pia kwamba pengo hudhaniwa kubaki palepale; kitu kinachoporomoka taratibu, kama boila inayoishiwa kuni, MPC itakifuata nyuma daima kama haikipimi.

Baadaye adui mkubwa ni mipaka inayobanwa. Opareta wa usiku anaona pampu imefika 93 %, anaogopa, anaiwekea ukomo 88. Wa asubuhi haondoi. Baada ya mwezi mikono yote imefungwa, taa ya MPC inawaka kijani na haifanyi lolote. Kwa hiyo usihesabu saa ilizowashwa. Hesabu saa ambazo angalau mkono mmoja ulikuwa huru. Na umsikilize yule opareta, kwani huenda aliona unga umeganda ukutani mwa mnara, jambo ambalo sensa zako hazilioni. Nozeli zikilika, kizidishi cha pampu hubadilika. Mkibadilisha seti, tazameni pengo wiki hiyo.

Kuhusu pesa, hesabu mwenyewe. Tuseme ukomo wenu wa ndani wa unyevu ni 4.4, chini ya 5 % ya Codex (viwango vya kimataifa vya chakula), na mnaacha nafasi ya mitawanyiko miwili, mtawanyiko ukiwa kipimo cha jinsi unyevu unavyotapakaa kuzunguka wastani. Mtawanyiko wa 0.30 unawalazimu kuendesha kwa 3.80. Ukipungua hadi 0.18, mnaweza kuendesha kwa 4.04. Kwa unga kilo 1,000 kwa saa hiyo ni kilo 2.5 zaidi kutoka kwa maziwa yaleyale. Kwa saa 20 ni kilo 50, na kwa siku 300 ni tani 15. Zidisha kwa bei yenu ya jumla. Uzalishaji wa ziada, pale mtambo unapoweza kukaa karibu na ukomo wa mvuke bila kuogopa, waweza kuzidi hapo, lakini usiuhesabu kabla ya kuuona. Mtawanyiko wa leo upime baada ya kutengeneza valvu. Ukiupima kabla, muuzaji atajisifu kwa kazi ya fundi wako.

Kama mtu wenu anaijua Python, lugha ya kuandikia programu, ajifunze kwa zana zake CasADi au do-mpc, zote za bure, akiendesha kikaushio cha mfano kwa zile namba nne za hapo juu. Avuruge 0.03 iwe 0.04 aone kinachotokea. Mtu wa namna hiyo mezani hubadilisha mazungumzo na muuzaji.

Kwenye mkataba dai haya: data ya majaribio na faili za modeli ziwe mali ya kiwanda, katika muundo unaosomeka bila programu ya muuzaji, watu wawili wenu wafanye jaribio la pili kwa mikono yao, yeye akitazama, na malipo ya mwisho yangoje ulinganisho wa siku moja MPC imewashwa, siku inayofuata imezimwa, kwa wiki nne, mkipima mtawanyiko wa unyevu kwa sampuli za maabara yenu. Wiki hizo nne mzipange ziguse mvua.